Sayansi kwa Neema na Jabali: shajara ya kutafuta mtaala

27 Oktoba 2025

Mradi unaanza rasmi leo. Hesabu ina kitabu chake, kusoma kuna chake, Kiswahili kinaenda vizuri. Sayansi ndiyo haina mwenyewe. Mwaka huu mzima tumekuwa tukiokotaokota: leo video ya volkano, kesho maharagwe kwenye pamba, wiki inayofuata hakuna kitu. Kuanzia Januari nataka mtaala mmoja wenye mwelekeo, na uwe wa Kikristo, maana hiyo ni mojawapo ya sababu zilizotufanya tuwafundishe watoto nyumbani.

Wanafunzi ni wawili. Neema ana miaka 8. Angekuwa shuleni, Januari angeingia Gredi ya 3. Jabali ana 5 na bado anapambana na herufi. Sina nguvu za kufundisha sayansi mbili tofauti, kwa hiyo kitabu lazima kiwakalishe meza moja. Bajeti ni shilingi 15,000 kwa mwaka, pamoja na usafirishaji, uchapishaji na vifaa. Baba Neema aliposikia kiasi hicho aliuliza kama nanunua kitabu au maabara.

Masharti yangu si mengi. Watoto washike vitu kwa mikono. Vifaa vipatikane Nairobi bila kuagiza ng'ambo. Imani iwe ndani ya somo lenyewe, si mstari wa Biblia uliobandikwa juu ya ukurasa ambao ungesomeka vilevile bila mstari huo. Na kitabu kisiniache niwe mwongo mbele ya mtoto atakapofika chuo kikuu.

30 Oktoba

Kabla ya kugusa vitabu vya nje nimepakua miundo ya mtaala ya KICD, taasisi ya serikali inayotayarisha mitaala ya Kenya. Ni bure, na inashangaza ni wazazi wangapi wa shule ya nyumbani hawajawahi kuifungua. Gredi ya 1 hadi ya 3 hakuna somo linaloitwa sayansi. Kuna Shughuli za Mazingira, humo mna hali ya hewa, udongo, maji, mimea, wanyama, pamoja na usafi na lishe. Sayansi na Teknolojia huanza Gredi ya 4.

Nilitarajia kuboeka, sikuboeka. Mtoto anatakiwa atazame, alinganishe, achore, aulize watu wa nyumbani. Habari za Mungu ziko kwenye somo la dini, mlango wa pili. Hilo si kosa lao, ndivyo mtaala wa taifa unavyopangwa. Mimi natafuta kitabu kisichohitaji milango miwili. Ila muundo huu nauweka mezani kama rula: chochote nitakachonunua nitakipima nao, ili siku watoto wakirudi shuleni wasikute wenzao wameshawaacha.

3 Novemba

Wachapishaji wengi wa Marekani huweka sura za mfano bure kwenye tovuti zao. Nimetoa kopi za sura kadhaa kwenye saiba ya hapa mtaani, kwa sababu nikisoma kwenye simu nasamehe mengi.

Apologia kwanza. Vitabu vyao vya watoto wadogo viliandikwa na Jeannie Fulbright, na kila kimoja hushikilia eneo moja: nyota, mimea, viumbe warukao, viumbe wa majini, wanyama wa nchi kavu, mwili wa binadamu. Wanyama wamegawanywa kufuata Mwanzo 1, warukao na waogeleao kwa siku ya tano, wa nchi kavu kwa siku ya sita. Njia yenyewe inatokana na Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923. Yeye alitaka mtoto asomewe maandishi yenye uhai, asimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, na awe nje kwa saa nyingi akitazama viumbe hai. Mwandishi anazungumza na mtoto moja kwa moja. Aya ni ndefu, na Jabali hatazivumilia bila kitu cha kupaka rangi mkononi.

Cha pili ni Science in the Beginning cha Jay Wile, kutoka Berean Builders. Huyu ana shahada ya uzamifu katika kemia ya nyuklia kutoka Chuo Kikuu cha Rochester, na ndiye aliyeanzisha Apologia kabla ya kushika njia yake. Kitabu kinafuata siku sita za uumbaji: siku ya kwanza ni nuru, basi unaanza na nuru, siku ya nne unafika kwenye jua, mwezi na nyota. Kina masomo 90 na kila somo lina jaribio au kazi ya mikono. Mwishoni mwa somo kuna kazi za ngazi tatu kulingana na umri. Mzazi mwenye watoto wa rika tofauti akiona hapo anapumua.

Cha tatu ni God's Design, mfululizo ulioanzia kwa Answers in Genesis, lile shirika la Kentucky. Masomo ni mafupi, yamepangika, na msimamo wa uumbaji hauna chenga.

Nne ni vijitabu vya ACE (Accelerated Christian Education), vile vinavyoitwa PACE, ambavyo Nairobi vinajulikana kuliko vingine vyote: kumi na viwili kwa somo kwa mwaka, mtoto anasoma, anajaza nafasi, anajisahihisha. Kwa mtoto wa miaka 12 anayejituma, sawa. Kwa wangu, sayansi ya kujaza nafasi siitaki. Nimeviondoa leo leo.

8 Novemba

Jaribio la kwanza, pamoja na watoto. Nilichukua sura ya mfano kuhusu majira ya mwaka, ya mtaala ambao sitautaja. Picha nzuri: theluji, maua, ufuo wa bahari, majani mekundu yakianguka. Neema akasoma kwamba Mungu ameipa dunia majira manne, akatazama dirishani. Nje mjakaranda wa jirani umejaa zambarau na karibu hauna jani.

"Kwa hivyo sasa ni majira gani?"

Swali zuri. Kitabu kingemjibu kwamba Novemba ni majani kuanguka. Mti unamwambia ni maua. Mawingu ya mchana yanamwambia ni vuli na nguo zianuliwe. (Na huo mjakaranda wenyewe si wa hapa, asili yake ni Amerika Kusini. Hilo nililiacha.)

Tangu hapo nimekuwa nikisoma sura za mfano nikiwa na kalamu nyekundu, nikiweka alama kila mahali kitabu kinaposema jambo ambalo mtoto akitoka nje Nairobi hatalikuta. Orodha imekuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Maji huchemka kwa nyuzi 100: hapa tuko kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kipimajoto cha jikoni kiligoma kwenye 94 huku sufuria ikitokota. Kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini: Desemba ndiyo, Juni hapana, hapo hugeuka kusini, na mara mbili kwa mwaka, karibu katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua hupita juu ya utosi na kijiti kinakosa kivuli. Siku za kiangazi ni ndefu na za baridi ni fupi: muulize mama mboga wa hapa kama aliwahi kufunga kibanda saa nne usiku kwa sababu jua bado linawaka.

Sisemi vitabu vimekosea. Viliandikwa vikitazama dirisha la mahali pengine. Lakini mtoto wa miaka 8 hana namna ya kutofautisha "kitabu kinazungumzia Ohio kule Marekani" na "macho yangu yananidanganya", na nikimzoesha kuamini ukurasa kuliko dirisha nitakuwa nimemfundisha kinyume cha sayansi.

15 Novemba

Baba Neema yuko nyumbani wikendi hii. Anafanya kazi kwenye uchimbaji wa visima vya mvuke Olkaria, na nilikuwa nimemwekea ile sura ngumu: umri wa dunia.

Hapa lazima mambo yasemwe wazi, kwa sababu wengi wananunua bila kujua. Katika biashara hii ya vitabu, neno "Kikristo" kwenye jalada mara nyingi lina maana finyu. Mitaala niliyoibakiza mezani inashikilia dunia changa: siku sita za saa 24, na umri wa maelfu machache ya miaka. Hesabu maarufu zaidi ya aina hiyo ni ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, aliyechapisha mwaka 1650 kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alijumlisha umri wa mababu na tawala za wafalme. Biblia yenyewe haikuandika tarehe.

Na si Wakristo wote walio hapo. Mama Kelvin wa mlango unaotazamana nasi ni Mkatoliki, na kanisa lake halimlazimishi kuamini dunia changa; Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ya viumbe ni zaidi ya dhana tu. Kwenye ushirika wetu wa nyumbani wapo wa maelfu ya miaka, wapo wa mamilioni, na wapo wengi ambao hawajawahi kuulizwa.

Nairobi hatuwezi kulikwepa jambo hili hata tukitaka. Makumbusho ya Taifa yapo hapo Museum Hill, na ndani yake yumo yule Kijana wa Turkana, mifupa aliyoiona kwanza Kamoya Kimeu mwaka 1984 kule Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Wataalamu wanampa takriban miaka milioni moja na nusu. Kabla makumbusho hayajafunguliwa upya mwaka 2008, viongozi kadhaa wa makanisa ya kiinjilisti walipinga mifupa hiyo kuwekwa mbele kama ushahidi wa mageuko. Neema ameshaiona. Aliuliza kama alikuwa na mama.

Baba Neema alisoma sura zote kimya, akazirudia. Kazini kwake visima vinashuka hadi kama kilomita tatu, na vipande vya miamba vinavyopanda na tope vinasomwa tabaka kwa tabaka: majivu ya volkano, lava, majivu tena. Nilijua atakuwa na la kusema. Alilosema sikulitarajia.

"Mimi sina shida na kitabu kinachosema naamini hivi. Nina shida na hiki." Akaweka kidole kwenye aya, ya mtaala ambao pia sitautaja, iliyosema kwa ufupi kwamba wanaohesabu mamilioni ya miaka wanafanya hivyo ili wamkimbie Mungu. "Mkubwa wangu kazini ni mzee wa kanisa. Anafunga na kuomba. Na kila siku anaandika mamilioni ya miaka kwenye ripoti. Neema akikutana naye atamwona vipi?"

Tumekubaliana hivi. Kitabu cha dunia changa kinaruhusiwa nyumbani, mradi kinaeleza viumbe kwa uaminifu na hakimtukani anayepingana nacho. Tukifika mahali pa umri tutawaambia watoto wazi: mwandishi huyu anaamini hivi, wanajiolojia wanapima hivi na kwa njia hizi, na ndani ya kanisa watu wanaompenda Mungu hawajakubaliana. Jabali hatajali. Neema atajali sana, na nataka alisikie kwetu kwanza.

Shosho alipigiwa simu akaelezwa yote haya. Akasema, "Nyinyi fundisheni watoto, mawe hayana haraka."

18 Novemba

Fupi, kwa ajili ya kumbukumbu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anaandikishwa na kuhudhuria shule, na familia kama yetu zinaishi na utata huo. Mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, kuanzia ule wa KPSEA wa Gredi ya 6, husajiliwa kupitia shule. Tuna miaka. Lakini ndiyo sababu nyingine ya kutoiacha ile rula ya KICD, na ya kuhifadhi daftari zote zenye tarehe.

23 Novemba

Stima zilipotea saa moja jioni na mtaa wote ukawa giza. Kwa mara ya kwanza mradi huu umefaidika na kitu kama hicho. Tulipanda juu ya paa na sura ya mfano kuhusu anga.

Kazi ya kwanza kwenye sura: tafuta Nyota ya Kaskazini. Haipo. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, na nyota hiyo hapa imelala chini ya upeo. Ungempeleka mtoto nje na tochi mwaka mzima asiione. Kazi ya pili: chora mwezi mchanga, upinde wake ukiwa umesimama upande wa kulia. Wetu ulikuwa umelala chali kama mtumbwi, na Jabali akauchora hivyo hivyo, na watu wawili ndani yake.

Nilikuwa karibu kuifunga sura hiyo niliposhika Ayubu 9. Mstari wa 9 unataja Dubu, Orioni, Kilimia, na makundi ya nyota ya kusini. Kilimia kilikuwa kimeshapanda mashariki, Neema akahesabu nyota sita kisha akadai ziko saba. Orioni alifuata baadaye, watoto wakiwa wamelala tayari. Dubu na Msalaba wa Kusini tutavisubiri hadi karibu Aprili, wakati wa masika kama mawingu yataruhusu, na hapo tutaviona vyote viwili jioni moja, huku na huku, jambo ambalo mtoto wa London hawezi kulifanya hata kwa darubini ya bei gani. Tuko mahali pazuri kuliko pote pa kusoma anga lote la Ayubu, na kitabu kinatuuliza kuhusu nyota tusiyoiona.

Uamuzi mdogo: anga halitafundishwa kwa kitabu cha nje. Litakuwa na daftari lake. Mwezi kila wiki, kijiti cha kivuli kila mwezi, Kilimia kila kinapoonekana. Shosho ana usemi wa wakulima kuhusu kuzama na kuzuka kwa Kilimia, jua na mvua. Atakuja kuufundisha yeye.

29 Novemba

Gharama. Kitabu kipya kutoka Marekani, ukijumlisha daftari lake na usafirishaji, kinamaliza sehemu kubwa ya bajeti kabla hujanunua hata sumaku. Toleo la PDF ni nafuu na leseni huruhusu familia ijichapishie, ila kurasa za rangi kwenye saiba zinakula pesa polepole na kwa siri. Nimeuliza kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kama kuna mwenye kitabu cha mkono wa pili.

Vifaa ndivyo vilivyonipa raha. Orodha za vitabu hivi zinatisha mpaka uzitafsiri jikoni. Sharubati ya mahindi? Asali: weka asali, maji yenye rangi, mafuta ya kupikia kwenye gilasi, uone vinavyokataa kuchanganyika. Soda ya kuokea na siki? Ipo, lakini magadi ya kulainishia githeri yanatoa povu pia, na hapo unapata somo la ziada, kwa sababu magadi hayo yanatoka Ziwa Magadi, safari ya saa chache kwa gari, si kwenye kiwanda cha Marekani. Ayodini ya duka la dawa: tone moja kwenye ugali, kwenye waru, kwenye nduma, rangi inageuka buluu nyeusi, kwenye tango haigeuki. Jabali alitaka kujaribu kwenye paka. Kabeji ya zambarau, kwa kupima asidi, ipo soko la City Park. Sumaku, balbu ndogo, waya na vishikio vya betri, Luthuli Avenue, na muuzaji alinieleza saketi vizuri kuliko sura mbili nilizokuwa nimesoma.

Kioo cha kukuza ndicho pekee nilichokilipia bei ya kuumiza kidogo, kwa sababu vile vya plastiki vinaonyesha ukungu.

2 Desemba

Kimepatikana! Familia ya wamishonari inahama kutoka Kijabe na inauza vitabu. Walikuwa na kile cha Apologia cha viumbe warukao: ndege, popo, wadudu. Toleo la zamani, jalada limechakaa, kurasa zote zipo. Shilingi 2,500. Nimesema nipe saa moja, nikakaa nayo kama mtu aliye na mjadala, nikatuma M-Pesa baada ya dakika kumi.

6 Desemba

Jaribio la mwisho kabla ya uamuzi: Arboretum, ile bustani ya miti kwenye State House Road iliyoanzishwa mwaka 1907, pamoja na familia nyingine mbili. Nilisoma kurasa nne kuhusu midomo ya ndege chini ya mti, kisha nikanyamaza.

Kwarara wawili walikuwa kwenye nyasi wakichoma udongo kwa midomo yao mirefu iliyopinda. Dakika tatu baada ya kusomewa kwamba mdomo ni chombo cha kazi, Neema alikuwa amelala kifudifudi akiutazama ukifanya kazi. Chozi akaja kwenye maua mekundu. Mwewe juu. Kunguru akaiba chapati ya mtoto mmoja, na huo nao ukawa mjadala kuhusu midomo. Tukirudi, matatu ikapita karibu na Uwanja wa Nyayo, na makorongo wale wakubwa wenye vipara walikuwa juu ya migunga kama kawaida yao. Watu kwenye gari waliwaangalia watoto wakipiga kelele kwa furaha juu ya ndege ambao jiji zima linawaona wachafu.

Ndipo nilipoelewa ni nini nimekuwa nikitafuta tangu Oktoba. Sura ya majira ilinilazimisha nipingane na kitabu. Sura ya nyota vilevile. Hii ilinituma nje na nje ikaitikia. Kenya ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege. Mwandishi anaishi kwingine na ndege wake ni tofauti, lakini mdomo ni mdomo, unyoya ni unyoya, na mtoto anabadilisha majina tu.

Jambo moja zaidi kutoka siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha, na mtoto wa rafiki yetu alimwona yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi tunayemwita Nairobi fly, akainua mkono ampige. Mama yake akamshika. Ukimpondea kwenye ngozi, sumu yake inakuachia lengelenge. Mpulize aende, kisha nawa kwa sabuni. Si nzi hata kidogo, ni jamii ya mbawakawa, na mabawa yake yamekunjwa chini ya vifuniko vifupi mgongoni. Tayari tuna somo la kwanza la sehemu ya wadudu.

13 Desemba

Uamuzi.

Kitabu kikuu cha 2026 ni hicho cha viumbe warukao. Ndege mihula miwili, wadudu muhula wa tatu, popo katikati. (Walawi 11 inamtaja popo pamoja na ndege. Neema atauliza, namjua. Jibu langu ni kwamba Musa alikuwa akipanga vya kuliwa na visivyoliwa, si akiandika zuolojia.) Ninasoma kwa Kiingereza, wanasimulia kwa Kiswahili, Neema anaandika sentensi zake, Jabali anachora na mimi naandika anachosema.

Siku moja kwa wiki ni ya majaribio, yanayofuata mada za KICD: maji, udongo, hewa, joto, lishe. Hayahitaji kitabu, yanahitaji mpangilio, na nimeshaupanga muhula wa kwanza. Daftari la anga linajitegemea.

Science in the Beginning nakitaka kwa 2027, Jabali akiwa anajisomea. Kwa mpangilio wa majaribio sijaona kinachokishinda, na nuru haina Ohio wala Nairobi. God's Design nimeuacha, si kwa ubaya. Hakuna sababu ya kuwa na vitabu viwili vyenye msimamo uleule na hela za kimoja.

Kimoja ambacho hakuna mtaala wa nje utanipa ni watu. Vitabu hivi vina wanasayansi waumini wengi, Kepler, Boyle, Faraday, na ninafurahi watoto wawajue. Lakini wanafunzi wangu wasidhani sayansi ni ya wanaume wenye mawigi. Nimeongeza kurasa zangu mbili. Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista hapa na kule Kansas, akapata uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na ambaye bila yeye na wenzake huenda sehemu ya Msitu wa Karura leo ingekuwa nyumba. Na Thomas Odhiambo, aliyeanzisha ICIPE mwaka 1970, taasisi ya wadudu iliyopo Kasarani, mahali panapoitwa Duduville. Jabali alicheka jina hilo hadi akapaliwa.

Matumizi hadi leo yamebakiza kidogo zaidi ya nusu ya bajeti. Baba Neema ameombwa asiseme lolote kuhusu maabara.

10 Januari 2026

Wiki ya kwanza imekwisha. Yaliyokwenda: masomo mawili ya ndege, jaribio moja la asali na mafuta, kijiti cha kivuli kimesimikwa juu ya paa na alama ya Januari imechorwa. Ambayo hayakwenda: Jabali anachoka ukurasa wa tatu. Nimegawanya usomaji mara mbili, nusu baada ya kifungua kinywa, nusu baada ya chakula cha mchana, na nusu ya pili inasomwa nje.

Masimulizi ya Neema kuhusu manyoya yalikuwa na sentensi ambayo haikuwa kwenye kitabu: "Unyoya ukiuvuruga, ukiupitisha kidoleni unajifunga tena, kama zipu." Nilimwuliza ameitoa wapi. Aliokota unyoya wa kunguru kwenye ngazi akaujaribu mwenyewe.

Amemwuliza pia baba yake kwa simu kama ndege walikuwepo wakati lava ya Olkaria inamwagika. Jibu lilichukua muda mrefu na salio lote.

Yaliyobaki kabla ya mwisho wa Februari: kupata kitabu cha kutambulia ndege wa Afrika Mashariki, cha mkono wa pili ikiwezekana, kuulizia ICIPE kama wanapokea vikundi vya watoto wadogo, kuandaa ukurasa wa popo, na kununua ayodini nyingine, maana ya kwanza imemwagikia kiti.